Kuoanisha picha za shamba la zabibu bila kulinganisha kila pikseli

Msomaji ameuliza hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nipo Dodoma, nawapigia picha za droni wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Kila shamba napata picha kama 180, kila moja pikseli 4000 kwa 3000, na kila picha inaingiliana na inayofuata kwa asilimia kama 70. Mistari ya mizabibu imeachana mita 3, na kwenye picha hiyo ni kama pikseli 100. Nimeandika programu ya Python inayosogeza picha moja juu ya nyingine, pikseli 200 kila upande wa pale ninapokisia, na kujumlisha tofauti za pikseli kwa rangi zote tatu (nazisoma moja moja kwa getpixel) ili ipate mahali zinapokaa sawa. Juzi niliiacha usiku kucha, asubuhi haijamaliza hata jozi moja. Nilipozipunguza picha na kuiruhusu itafute popote, ilimaliza, lakini jozi nyingine ilizitenganisha picha mpaka zikagusana pembeni tu. Je, ninunue kompyuta yenye kadi ya grafiki, au nihamie lugha ya C++?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu bado, na C++ iache ilipo. Swali lako limebeba mambo mawili, la kasi na la usahihi. Ukitatua la kasi peke yake utaanza kupata majibu mabaya kwa haraka. La usahihi nitalikalia zaidi, kwa sababu ya hiyo mizabibu.

Tupige hesabu kwanza, uone usiku wako ulikwenda wapi. Kutafuta pikseli 200 kushoto, kulia, juu na chini ni misogeo 401 kwa 401, yaani 160,801. Picha zikiingiliana kwa asilimia 70, eneo la pamoja ni pikseli 4000 kwa 2100, milioni 8.4. Zidisha: unalinganisha pikseli mara trilioni 1.35 kwa jozi moja tu. Tuseme kitanzi chako cha Python, yaani zile amri zinazojirudia, kinamaliza pikseli milioni 5 kwa sekunde, na kwa mtu anayeita getpixel kila mara hapo nimekukadiria vizuri sana. Jozi moja itachukua saa 75. Hiyo ni kwa picha ya kijivu. Wewe umejumlisha nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo zidisha kwa tatu. Asubuhi ulipoamka programu ilikuwa haijafika hata sehemu ya kumi ya safari.

Sasa tuseme umeacha getpixel, ukaigeuza picha kuwa kijivu na kuiweka kwenye safu ya NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za safu za namba. Huko kutoa safu nzima kutoka kwa safu nzima ni amri moja, na kazi inafanyika ndani kwa msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine. Msogeo mmoja wa pikseli milioni 8.4 utakula kama sekunde 0.017 kwenye laptopu ya kawaida. Jozi moja inashuka hadi dakika 45. Ni hatua kubwa, lakini una jozi 179 kwa shamba moja, na dakika 45 mara 179 ni siku tano na nusu. Mkulima wa pili atakuwa anapiga simu wakati wa kwanza hujammaliza.

Hapo ndipo nataka ukae ufikiri. Umeongeza kasi ya kila ulinganisho zaidi ya mara mia na bado umekwama. Kadi ya grafiki ingekusogeza mbele hatua nyingine kama hiyo, kwa pesa nyingi. Lakini karibu ile trilioni yote ya ulinganisho haikuwa na haja ya kufanywa. Msogeo ulio mbali na jibu pikseli 150 unaonekana ni mbaya hata kwa mtu anayeitazama picha kwa mbali, akiwa amekunja macho. Programu yako inauhesabu kwa uangalifu uleule inaoutumia kwa msogeo wa kweli. Kasi unayoitafuta iko kwenye kazi utakayoikataa.

Kabla ya hapo kuna makosa mawili ya kurekebisha, na moja litazaliwa siku utakapohamia NumPy.

La kwanza ndilo linalozitenganisha picha zako. Unajumlisha tofauti, kisha unachagua jumla ndogo kuliko zote. Picha zikigusana pembeni tu, eneo la pamoja lina pikseli chache, na pikseli chache hutoa jumla ndogo hata kama hazifanani kabisa. Programu imefanya ulichoiambia. Gawa jumla kwa idadi ya pikseli zilizolinganishwa, yaani tumia wastani, na ukatae msogeo wowote unaoacha eneo la pamoja dogo kupita kiasi. Kwa picha zako zinazoingiliana asilimia 70, mimi ningekataa chochote kilicho chini ya asilimia 30.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Picha ya kijivu kwenye NumPy huhifadhiwa kama uint8, namba kuanzia 0 hadi 255, bila hasi. Chukua pikseli mbili za udongo mwekundu wa Hombolo, moja ina 120 na nyingine 121. Kwa macho ni rangi moja. Lakini 120 ukiondoa 121 ni hasi moja, na kwenye uint8 hasi moja haipo, kwa hiyo namba inazunguka na kuwa 255. Ukiita np.abs, amri ya kuondoa alama ya hasi, baada ya hapo umechelewa, 255 inabaki 255. Pikseli mbili zinazokaribia kuwa pacha zimehesabiwa kuwa zinatofautiana kama nyeupe na nyeusi. Na kwa kuwa picha halisi zimejaa tofauti za moja moja, nusu ya eneo zuri la pamoja litaonekana ni fujo. Kwenye getpixel tatizo hili hukulipata, maana Python ya kawaida inajua hasi. Ndiyo maana watu wengi huongeza kasi leo, kesho wanasema NumPy haiaminiki.

Dawa ni absdiff ya OpenCV, maktaba huria ya kushughulikia picha, inayofanya kutoa huku ikilinda alama, tena kwa haraka kuliko kubadili aina ya namba mwenyewe. Kipande hiki kinamaliza makosa yote mawili:

```
def kosa(p, q, dx, dy):
    h, w = p.shape
    y0, y1 = max(0, dy), min(h, h + dy)
    x0, x1 = max(0, dx), min(w, w + dx)
    if (y1 - y0) * (x1 - x0) < 0.3 * h * w:
        return float("inf")
    a = p[y0:y1, x0:x1]
    b = q[y0 - dy:y1 - dy, x0 - dx:x1 - dx]
    return cv2.absdiff(a, b).mean()
```

Hapo p na q ni picha mbili za kijivu, na dx na dy ni mahali kona ya juu kushoto ya q inapokaa ndani ya p. Kukata vipande a na b hakunakili chochote kwenye kumbukumbu, ni dirisha tu juu ya safu ileile, kwa hiyo usiogope kukifanya mara nyingi.

Sasa tuje kwenye kukataa kazi. Punguza picha zote mbili kwa nusu, kisha nusu tena, mara nne, mpaka 4000 kwa 3000 ibaki 250 kwa 187. Watu wa fani wanaiita piramidi ya picha: kubwa chini, ndogo juu. Kule kileleni pikseli 200 za utafutaji zimekuwa 13, na misogeo imebaki 27 kwa 27, yaani 729, kila mmoja juu ya pikseli kama 32,700. Ukipata mshindi unashuka ngazi moja, unazidisha msogeo wake kwa mbili, unajaribu majirani tisa tu, yaani hapo hapo na pikseli moja kila upande. Unashuka tena, tisa tena. Mpaka chini kabisa.

Jumlisha ngazi zote tano na utapata pikseli kama milioni 124. Mwanzo ilikuwa trilioni 1.35. Umepunguza kazi karibu mara elfu kumi na moja, na kwa kasi ileile ya NumPy jozi moja inakwisha kwa robo ya sekunde. Shamba zima halifiki dakika moja ya ulinganisho. Kutoka hapo kinachokula muda ni kusoma mafaili, na hilo nalo lina njia yake: JPEG huhifadhi picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande kikiwa na wastani wake, kwa hiyo OpenCV inaweza kukusomea picha ikiwa imeshapunguzwa mara 2, 4 au 8 bila kuifungua yote. Soma kila picha mara moja, nje ya kitanzi. Na usizipakie zote 180 kwa pamoja: kwa rangi kila moja ni megabaiti 36 kwenye kumbukumbu, zote ni zaidi ya gigabaiti 6.

Ungekuwa unaoanisha picha za mji, au za miamba ya mlimani, ningekuambia nenda, kazi imekwisha. Lakini unapiga zabibu.

Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha picha za shamba moja upande wa Mpunguzi, kwa njia hiihii ya piramidi. Picha ilitoka safi. Niliitazama kwenye kioo kwa ukubwa wote, sikuona kiungo hata kimoja, mistari ilipita kutoka picha hadi picha kama imechorwa kwa rula. Nikaichapa kwenye karatasi kubwa na kumpelekea mzee mwenye shamba. Alikaa chini ya mti, akaitandika mapajani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, taratibu, kutoka njia ya magari hadi ukingo wa mfereji. Alipomaliza akarudia. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mistari yangu ni 41. Wewe umenichorea 40."

Alikuwa sahihi. Kwenye jozi moja ya picha, programu ilikuwa imekaa mstari mmoja pembeni. Mstari wa saba wa picha ya kwanza ulilala juu ya mstari wa nane wa picha ya pili, na kwa kuwa mstari na mstari hufanana, wastani wa tofauti ulikuwa mdogo sana. Kwa bahati mbaya siku ile upepo ulikuwa umeyageuza majani, na jibu la kweli likapata alama mbaya kidogo kuliko la uongo. Kosa la mita tatu, na hakuna jicho lililoliona isipokuwa la mtu aliyepanda ile miche.

Wewe una hali hiyohiyo. Mistari yako imeachana pikseli 100. Ndani ya dirisha lako la pikseli 200 kila upande kuna mahali patano ambapo mistari hulala juu ya mistari: hasi 200, hasi 100, jibu lenyewe, 100 na 200. Usitegemee GPS ya droni ikuchagulie, kwa sababu GPS ya kawaida hukosea mita kadhaa, na kwako mita tatu tayari ni mstari mzima. GPS ikupe pa kuanzia tu.

Kinachotofautisha mstari wa saba na wa nane ni vitu visivyojirudia: mbuyu ulioachwa katikati ya shamba, kibanda cha mlinzi, njia ya punda, pengo pale miche ilipokufa, doa la udongo mweupe, sehemu iliyopata maji zaidi. Vyote hivyo ni vikubwa kuliko mstari. Hapa piramidi ina faida ambayo wengi hawaijui, kwani wameichukua kama njia ya kuharakisha tu. Ukipunguza picha mara 16, mistari yako imeachana pikseli 6, bado inaonekana, bado inadanganya. Ukiendelea mpaka mara 64, picha inabaki 62 kwa 47 na mistari ingeachana pikseli moja na nusu. Picha haiwezi kubeba kitu kinachojirudia kwa chini ya pikseli mbili, kwa hiyo mistari inayeyuka na kuwa rangi ya wastani. Kinachobaki ni mbuyu, njia na madoa ya udongo. Anza huko. Picha ni ndogo kiasi kwamba unaweza kutafuta kila msogeo unaowezekana bila kukisia chochote, na jibu litakaloshuka kutoka huko limechaguliwa na vitu visivyojirudia.

Ila kuna sharti. Mistari itayeyuka tu kama umepunguza kwa kuchukua wastani. Nimeona vijana wengi wakiandika p[::64, ::64], yaani chukua pikseli moja kila baada ya 64, tupa nyingine. Ni rahisi na ni haraka, na kwa shamba la zabibu ni sumu. Mistari iliyoachana pikseli 100 ikichukuliwa sampuli kila pikseli 64 haiyeyuki, inageuka mistari ya uongo iliyoachana kama pikseli 178, ambayo shambani haipo kabisa. Sasa unaoanisha picha kwa kufuata kivuli. Tumia pyrDown ya OpenCV, ambayo hulainisha picha kwanza ndipo inapunguza nusu, na uirudie mara sita.

Jambo jingine ni kwamba usimshushe mshindi mmoja peke yake. Pikseli moja ya kileleni ni pikseli 64 za chini, zaidi ya nusu ya nafasi kati ya mistari yako, kwa hiyo hata kileleni unaweza kukosea mstari kwa kuteleza pikseli moja tu. Chukua wagombea watano bora, washushe wote, na kwenye ngazi mbili za kwanza wape majirani 25 badala ya tisa. Wakifika ngazi ya mara 2, mbakishe mmoja. Gharama ni ndogo, maana ngazi za juu karibu ni bure.

Na ukishampata mshindi, mlinganishe na mgombea bora aliye mbali naye angalau pikseli 50. Wa kwanza akiwa na kosa la 9 na wa pili 21, lala usingizi. Wa kwanza akiwa na 11.2 na wa pili 11.5, programu haijui, nawe ukubali kwamba haijui. Iandike jozi hiyo pembeni ukaitazame kwa macho yako. Kama ningekuwa na kipimo hicho kule Mpunguzi, jozi ile moja ingejitokeza yenyewe.

Mwanga nao. Droni hubadilisha mwanga wa kamera yenyewe, na wingu likipita picha moja inakuwa nyeusi kuliko mwenzake. Ukitumia tofauti tupu, udongo uleule utaonekana udongo mwingine. Ondoa wastani wa eneo la pamoja kwenye kila picha kabla ya kutoa. Ukiona haitoshi, tumia ulinganishaji uliosawazishwa, ambao pia hugawa kwa ukubwa wa mabadiliko ya mwanga, na matchTemplate ya OpenCV inao tayari. Wengine wanapenda kuchuja picha ibaki na kingo za vitu tu. Hilo lifanye kwenye ngazi za chini. Ukilifanya juu, umefuta yale madoa makubwa ya udongo ambayo ndiyo yanakuokoa.

Ngazi ya chini kabisa, ya pikseli milioni 8.4, ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya kazi yote iliyobaki. Unaweza kuipunguza pia. Mwaka 1972 Barnea na Silverman walieleza wazo ambalo bado nalipenda: lundika makosa ya pikseli kwa mpangilio wa bahati nasibu, na pindi lundo la msogeo huu linapopita la mshindi wa sasa, acha, nenda msogeo mwingine. Msogeo mbaya hujulikana kwa pikseli chache. Bahati nasibu ni muhimu hapo. Ukianza kona ya juu kushoto ukakuta udongo mtupu, misogeo yote itafanana kwa muda mrefu na hutapata sababu ya kuacha. Python haipendi kuacha katikati, kwa hiyo fanya hivi: chagua pikseli 5,000 mara moja tu, zilizotawanyika, hasa zile zenye mabadiliko makali ya mwanga kama ukingo wa jani au kivuli cha nguzo. Pima wagombea wote kwa hizo. Picha nzima ipime kwa wawili wa mwisho.

Utasikia watu wakikuambia acha haya yote, tumia Fourier, yaani hesabu ya kuivunja picha kuwa mawimbi. Hawajakosea. Tangu Cooley na Tukey walipochapisha mwaka 1965 njia ya haraka ya kukokotoa mbadiliko wa Fourier, na Kuglin na Hines mwaka 1975 wakaonyesha namna ya kuoanisha picha kwa awamu za mawimbi yake, kuna njia ya kupima misogeo yote kwa mkupuo. OpenCV wanaiita phaseCorrelate. Inafaa sana kwa zabibu, kwani hulipa kila wimbi uzito sawa, na wimbi moja kubwa la mistari haliwezi kuwameza wengine. Hata inakupa jibu la sehemu ya pikseli. Mambo mawili tu yatakusumbua. Fourier huiona picha kama mkeka uliozungushwa mpaka ukingo ukagusana na ukingo, kwa hiyo fifisha kingo kwanza kwa dirisha la Hann. Na kwa sababu hiyohiyo ya mkeka, kwa picha yenye kimo cha pikseli 3000 msogeo wa 900 na wa hasi 2100 ni kitu kimoja, basi jaribu yote mawili kwa ile kosa niliyokuandikia. Mimi hutumia Fourier kwenye picha iliyopunguzwa mara 4, kisha namalizia kwa majirani tisa.

Yote haya yanadhani picha zimesogea bila kugeuka. Droni yako inageuka. Upepo wa mchana wa Dodoma unaujua mwenyewe. Geuko la nyuzi moja tu, kwenye picha ya upana wa 4000, huhamisha ukingo pikseli 35 wakati katikati imetulia. Hakuna msogeo mmoja utakaozilaza picha hizo vizuri, hata ukitafuta mwaka mzima. Dalili yake ni kwamba ngazi za juu zinakubaliana vizuri, halafu kosa linapanda ghafla ukifika ngazi mbili za chini. Hapo gawa eneo la pamoja kwenye vipande, tuseme tisa, oanisha kila kimoja peke yake ukianzia jibu la ngazi ya juu, na ulinganishe misogeo yao. Ikitofautiana kwa mpangilio, hiyo ni tofauti ya geuko, na kutokana nayo unapata pembe. Njia nyingine ni ya alama za pekee, kama ORB iliyotoka mwaka 2011, pamoja na RANSAC ya Fischler na Bolles ya mwaka 1981 ya kutupa alama zilizooana kimakosa. Kwenye mizabibu alama nyingi zitatupwa, maana jani linafanana na jani, lakini zinazobaki kwa kawaida zinatosha. Na kama unachotaka ni ramani ya kumkabidhi mkulima, OpenDroneMap ni programu huria, inafanya haya yote pamoja na kurekebisha urefu wa miti na mteremko wa ardhi. Itumie bila aibu. Lakini itaambiwa uongo na mistari ileile, kwa hiyo ulichojifunza hapa utakihitaji kuikagua.

Kadi ya grafiki, basi: hapana, labda siku ukiwa na maelfu ya picha kwa siku. Pesa hiyo nunua betri nyingine ya droni, upate muda wa kuruka taratibu na kuongeza mwingiliano hadi asilimia 80, hasa kati ya mstari mmoja wa safari na mwingine. Picha zinazooana na jirani wa mbele na wa pembeni zinakaguana zenyewe. Ukienda picha ya kwanza, ya pili, ya pembeni yake, kisha ukarudi kwenye ya kwanza, misogeo yote ikijumlishwa lazima irudi karibu na sifuri. Ikirudi na 100, kuna mahali umeruka mstari.

Safari ijayo, kabla hujarusha, beba viroba sita vyeupe. Vitandaze shambani kati ya mistari, uvigandamize kwa mawe, na usiviache umbali sawa: viwili karibu, kimoja mbali, kimoja pembeni kabisa. Fanya kiroba kionekane kwenye angalau picha tatu. Rusha asubuhi kabla upepo haujaamka. Halafu, ukiwa bado pale, mwombe mwenye shamba akuhesabie mistari yake, uiandike namba hiyo kwenye daftari kabla hujafungua laptopu.